Pensheni ya kibinafsi: sanduku ni la nani, na ufunguo anao nani?

Mwisho wa kila Februari tangu mwaka 2023, wafanyakazi wengi Wakenya wamefungua karatasi za mishahara kwenye simu na kukuta pesa zimepungua tena. Wengine hukimbilia ofisini kuuliza kama hesabu imekosewa. Haijakosewa. Ni makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Kwa miaka mingi makato hayo yalikuwa Sh200 kwa mwezi, mwajiri naye akiongeza Sh200, kiasi kidogo hivi kwamba watu walisahau kuwa yapo. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2013, ikakwama mahakamani karibu miaka kumi, ikaanza kutekelezwa baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Februari 2023. Tangu hapo mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo fulani, mwajiri hulipa kiasi hicho hicho, na kikomo chenyewe kikawa kinapanda mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa kwanza makato ya juu kabisa yalikuwa Sh1,080. Uliofuata, Sh2,160. Februari 2025 yakafika Sh4,320.

Malalamiko yalikuwa mengi, na yana haki yake. Lakini yamezaa jambo jema: watu wanazungumza kuhusu uzee wao wakiwa bado na nguvu. Yamezaa pia mkanganyiko. Kwenye matatu, kwenye vikundi vya WhatsApp na kwenye mikutano ya chama, nasikia NSSF, pensheni, bima ya maisha, "ile ya kampuni" na "ile ya kibinafsi" zikichanganywa kama mahindi na maharagwe kwenye sufuria moja. Na katikati ya mazungumzo hayo yuko fundi wa magari, muuza mitumba, msusi na mwenye bodaboda, ambao hakuna mtu anayewakata chochote mwisho wa mwezi. Hao ndio hasa ninaowaandikia, ingawa mwenye mshahara naye ana lake hapa.

Tuanze na maneno. Pensheni ni pesa unayolipwa kila mwezi baada ya kuacha kazi, kutokana na akiba iliyowekwa ulipokuwa ukifanya kazi. Kiinua mgongo au mkupuo ni pesa unayopewa mara moja. Nchini Kenya akiba hii huwekwa katika mifuko ya namna tatu. Wa kwanza ni NSSF, ambao kwa mwajiriwa ni lazima. Wa pili ni mpango wa mwajiri, unaoingia kwa sababu umeajiriwa mahali fulani. Wa tatu ndio huu wa kibinafsi: unajiunga mwenyewe, una mwajiri au huna, unachanga kiasi unachoweza, na ukihama kazi mara kumi unabaki nao. Mipango hii huanzishwa na kampuni za bima, za uwekezaji na nyinginezo, lakini haiwezi kupokea hata shilingi moja kabla ya kusajiliwa na RBA, mamlaka ya serikali inayosimamia malipo ya uzeeni kwa sheria ya mwaka 1997.

Bima ya maisha si pensheni, na hapa watu wameumia. Bima hulipa jambo likitokea: kifo, ulemavu, au muda wa mkataba ukiisha. Ukiacha kulipia bima ya akiba katika miaka ya mwanzo, unaweza kurudishiwa kidogo sana au kukosa kabisa. Kwenye pensheni ya kibinafsi, ukikwama ukaacha kuchanga miezi sita au miaka miwili, ulichokwisha kuweka kinabaki kwa jina lako na kinaendelea kukua. Hakuna "sera kufa". Wakala akikuletea karatasi, swali la kwanza liwe hili: huu ni mpango uliosajiliwa na RBA, au ni sera ya bima? Yote mawili yanaweza kuwa mazuri kwa kazi yake, lakini hayafanyi kazi moja.

Sanduku la kufuli tatu

Hofu kubwa niliyokutana nayo si kodi wala ada. Ni hii: pesa zangu zitakaa wapi miaka thelathini, na nani atazila? Katika mkutano mmoja wa akiba, mama mmoja muuza samaki aliniuliza, "Mwanangu, hiyo kampuni ikifunga duka, mimi nitamshika nani?" Swali lake lilikuwa la busara kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Nilimjibu kwa kitu anachokijua.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vijijini hutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo huwa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa wa nne. Si kwa sababu wanachama ni wezi. Ni kwa sababu hata mtu mwaminifu hujaribiwa mtoto akiugua usiku. Mpango wa pensheni umejengwa kwa wazo hilo hilo. Wapo wadhamini, ambao kisheria ndio wenye jukumu la kulinda maslahi ya wanachama. Yupo msimamizi anayeandika daftari: nani amechanga, lini, kiasi gani. Yupo meneja wa uwekezaji anayeamua pesa zinunue nini. Na ipo benki mtunzaji, ambayo ndiyo inayozishika pesa na hati zenyewe. Meneja anaweza kusema "nunua hati fungani", yaani kopesha serikali au kampuni kwa riba, lakini pesa hazipiti mkononi mwake.

Kwa sababu hiyo, kampuni iliyoanzisha mpango ikifilisika, wadai wake hawana haki ya kuingia kwenye sanduku lako. Mali ya mpango ni ya wanachama, si ya kampuni. Na wewe mwenyewe ukifilisika, sheria inazuia wadai wako kuchukua akiba yako ya uzeeni.

Kuna tofauti moja ya kuangalia, nami naisema wazi kwa sababu mawakala huipita haraka. Mipango mingine huweka pesa katika hazina yenye hakikisho: kampuni ya bima inakuahidi kwamba hutapata chini ya kiwango fulani hata soko likianguka. Hapo unategemea uwezo wa kampuni hiyo kutimiza ahadi, kwa hiyo nguvu yake ni jambo lako. Mipango mingine haina hakikisho. Thamani hupanda na kushuka kama soko, lakini mali imetengwa kabisa. Mwenye miaka 55 anayetaka kulala usingizi huenda akapendelea ya kwanza. Mwenye miaka 28 ana muda wa kungoja soko liinuke.

"Lakini serikali itakopa zote." Sehemu kubwa ya akiba za uzeeni nchini, ambazo sasa zimepita Sh trilioni 2, kweli imekopeshwa serikali kupitia hati fungani na hati za muda mfupi. Kanuni zinaruhusu mpango kuweka hadi asilimia 90 huko. Huo ni mkopo unaolipwa kwa faida. Haujanyakuliwa, na hati zenyewe ni mali ya mpango. Hatari yake ni ya aina nyingine: ukiweka karibu kila kitu kwa mkopaji mmoja, matatizo ya mkopaji huyo yanakuwa yako. Una haki ya kuuliza pesa zako zimegawanywaje kati ya serikali, hisa, nyumba na uwekezaji wa nje, na jibu unapaswa kulipata kwa maandishi.

Waislamu wa Pwani, Kaskazini Mashariki na kwingineko wana swali jingine: kama pesa zinakaa kwenye hati za riba, mimi nitaingiaje? Ni kweli kwamba mpango wa kawaida utakuwa na riba ndani yake. Ipo mipango iliyoundwa kufuata sharia, na cha kuuliza si jina zuri la Kiarabu kwenye karatasi. Uliza ni wanazuoni gani wanaokagua uwekezaji wake na ripoti yao iko wapi.

Mbuzi na vitoto vyake

Sasa tuje kwenye ukuaji. Mtu akinunua mbuzi jike mmoja na kuuza kila kitoto kinachozaliwa, baada ya miaka kumi ana mbuzi mmoja mzee. Akiviacha vitoto vikue, navyo vizae, ana zizi. Faida ya pensheni hairudi mfukoni mwako mwisho wa mwaka. Inaongezwa kwenye akiba, na mwaka unaofuata inazaa pamoja nayo.

Chukua Sh3,000 kwa mwezi, yaani Sh100 kwa siku. Tuseme mpango unakua kwa asilimia 8 kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya mfano. Hakuna anayeweza kukuahidi asilimia 8 ya miaka thelathini, na anayekuahidi mkimbie. Anayeanza akiwa na miaka 50 na kuacha akiwa na 60 ataweka Sh360,000 na kupata karibu Sh540,000. Anayeanza na miaka 40 ataweka Sh720,000 na kupata karibu Sh milioni 1.7. Anayeanza na miaka 30 ataweka Sh1,080,000 na kupata karibu Sh milioni 4.2. Wa tatu ameweka mara tatu ya wa kwanza, lakini amevuna karibu mara nane. Tofauti hiyo haikutoka kwenye mshahara mkubwa wala kwenye ujanja wa soko. Ni vitoto vya mbuzi vilivyoachwa zizini.

Wakala angeishia hapo na kukupa kalamu utie sahihi. Mimi siwezi, kwa sababu hiyo Sh milioni 4.2 ni ya miaka thelathini ijayo, na bei za vitu hazitakusubiri. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, kapu la sokoni la Sh1,000 leo litagharimu karibu Sh5,740 baada ya miaka thelathini. Basi zile milioni nne zitanunua kile kinachonunuliwa leo kwa takriban Sh735,000. Ni pesa, ndiyo, lakini si ya kumlisha mtu miaka ishirini ya uzee.

Dawa yake ipo, na ajabu ni kwamba huitajwa mara chache. Ongeza mchango wako kila mwaka. Ukianza na Sh3,000 na kuipandisha kila Januari kwa kadiri bei zilivyopanda, kwa hesabu ile ile utakuwa na kitu chenye nguvu ya karibu Sh milioni 1.4 za leo, karibu mara mbili. Mtu anayechanga Sh3,000 mwaka 2026 na bado anachanga Sh3,000 mwaka 2046 anadhani ana nidhamu, kumbe kila mwaka anaweka kidogo zaidi kuliko mwaka uliopita. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa zile Sh200 za NSSF. Zilikuwa na maana zilipowekwa, zikaachwa mahali pamoja, bei zikazila, na wazee wetu wakaenda kuchukua malipo yasiyotosha hata kuezeka paa.

Ada nazo zinakula kimya kimya. Mpango unaokua kwa asilimia 8 lakini ukakatwa asilimia 2 za uendeshaji unakua kwa 6. Asilimia mbili zinaonekana kama sumni. Katika mfano wetu wa Sh3,000 kwa miaka thelathini, zinageuza Sh milioni 4.2 kuwa Sh milioni 2.9. Umefanya kazi ile ile, umejinyima yale yale, na Sh milioni 1.3 zimekwenda kwa wengine. Ndiyo maana mtu akikuambia "mpango wetu ulitoa asilimia kumi mwaka jana", muulize papo hapo: kabla ya ada au baada? Na wastani wa miaka mitano ni ngapi?

Kodi: nani hasa ananufaika

Hapa ndipo watu wa ofisini hupata sababu nzito zaidi ya kujiunga, na ndipo watu wa jua kali hudanganywa kidogo.

Kwa sheria iliyoanza kutumika mwisho wa Desemba 2024, mchango wa hadi Sh30,000 kwa mwezi katika mipango iliyosajiliwa, pamoja na ule wa NSSF, huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Awali kikomo kilikuwa Sh20,000. Chukua mtu wa mshahara wa Sh100,000. Shilingi yake ya mwisho hutozwa kodi ya asilimia 30. Akiweka Sh10,000 kwenye pensheni ya kibinafsi, kodi yake inapungua kwa Sh3,000, kwa hiyo mfukoni amepungukiwa na Sh7,000 tu. Ni kama mtu amemchangia Sh3,000 kila mwezi. Asiyepitisha mchango kwa mwajiri anaweza kudai nafuu hiyo anapowasilisha ripoti yake ya kodi ya mwaka, kabla ya Juni 30, akiwa na cheti cha michango kutoka kwa mpango. Wengi hawadai, na pesa hizo hubaki huko.

Sheria hiyo hiyo iliondoa kodi kwenye malipo ya mtu aliyefikia umri wa kustaafu kulingana na kanuni za mpango wake, anayeacha mapema kwa sababu ya ugonjwa, au anayetoa baada ya kuwa mwanachama kwa miaka 20. Nje ya hapo, anayetoa mapema hukutana na kodi.

Lakini mama mboga ambaye mapato yake hayafiki kiwango cha kutozwa kodi hapati nafuu ya kodi, kwa sababu hakuna kodi ya kupunguza. Mwenye duka anayelipa kodi ya mauzo naye hapati, maana kodi hiyo hutozwa kwenye mauzo yenyewe bila kuondoa gharama yoyote. Kwa hawa, pensheni inapaswa kujitetea kwa ukuaji wake na kwa kufuli lake peke yake. Wakala anayemwambia muuza mitumba kwamba "serikali itakuchangia thelathini kwa kila mia" anasema uongo.

Mlangoni: unatoaje?

Mpango wa kibinafsi unaweza kusajiliwa kama pensheni kamili au kama mfuko wa akiba, ule ambao wengi huuita providenti. Kwenye mfuko wa akiba unaweza kuchukua zote kwa mkupuo unapostaafu. Kwenye pensheni kamili unachukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na theluthi mbili lazima zikugeukie mapato. Watu hukasirika wakisikia hivyo siku ya mwisho, ilhali iliandikwa kwenye kanuni tangu siku ya kwanza. Mimi naiona theluthi mbili ile kama rafiki mkali. Nimewaona wastaafu waliopokea mkupuo mkubwa wakanunua matatu, wakasaidia kila ndugu aliyebisha hodi, na kabla ya mwaka wa tatu wakawa wanaomba nauli.

Hizo theluthi mbili zina njia mbili. Fikiria ng'ombe wa maziwa. Njia ya kwanza, unampa jirani ng'ombe wako, naye anaahidi kukuletea chupa ya maziwa kila asubuhi mpaka ufe, hata ng'ombe akifa kesho. Jirani huyo ni kampuni ya bima. Ukiishi hadi miaka 95, umeshinda. Ukifariki mapema, ng'ombe amebaki kwake, isipokuwa kama mlikubaliana mwanzoni kwamba familia itaendelea kuletewa maziwa kwa miaka fulani. Hilo la miaka ya hakikisho, pamoja na swali la kama chupa itaongezwa bei zikipanda, huamuliwa kabla ya kutia sahihi, kwa sababu baada ya hapo harudi nyuma mtu.

Njia ya pili, ng'ombe anabaki wako na unamkamua polepole. Pesa zinaendelea kuwekezwa, nawe unatoa kiasi kila mwezi au kila robo mwaka, kwa muda usiopungua miaka 10, na kwa mwaka hutoi zaidi ya asilimia 15 ya kilichopo. Ukifariki, kilichobaki ni cha warithi. Hatari yake ni kwamba ukiishi sana na kukamua sana, ng'ombe anakauka ukiwa bado hai.

Vipi ukiwa na shida kabla ya kustaafu? Kufuli la pensheni si la kufunguka kwa kila shida, na hiyo ndiyo sababu ya kuliweka. Kanuni za jumla huruhusu malipo ya uzeeni kuanzia miaka 50. Sehemu gani inaweza kutolewa kabla ya hapo hutegemea pesa zilivyoingia na kanuni za mpango wenyewe, kwa hiyo ukurasa huo usome kwa macho yako, usisimuliwe. Ipo njia moja ambayo wengi hawaijui: tangu mwaka 2020, mwanachama anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isizidi Sh milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Kwa sababu ya kufuli hili, pesa za dharura lazima zikae mahali pengine. Mtu asiye na hata Sh20,000 za kumkimbiza mtoto hospitalini aanze na hizo kwanza, pensheni ifuate.

"Pensheni yangu ni ploti"

Maneno haya nayasikia kila wiki, pamoja na ndugu zake wawili: "pensheni yangu ni sacco" na "pensheni yangu ni watoto". Sitaki kuyadharau, maana ardhi imewatajirisha wengi na sacco zimesomesha nchi nzima. Lakini ploti haigawanyiki kirahisi. Ukihitaji Sh8,000 za dawa za presha mwezi huu, huwezi kubandua bati moja la nyumba ukaliuza. Utauza ploti nzima, kwa haraka, kwa bei ya anayejua kwamba una shida. Nyumba ya kupangisha inalipa vizuri, nayo inataka mtu wa kufuatilia kodi na kukarabati choo, kazi ambayo mzee wa miaka 78 huiacha kwa wengine. Sacco ni nzuri hasa kwa mkopo, na akiba yako ya huko mara nyingi ndiyo dhamana ya mkopo huo. Wengi hustaafu wakikuta mkopo umeila akiba. Pensheni haiji kuziondoa hizi. Inakaa kando yao kufanya kazi moja ambayo hazifanyi vizuri: kukuletea kitu kila mwezi bila wewe kufukuzana na mtu.

Na watoto? Mtoto mwema atakusaidia, tena kwa moyo. Lakini siku utakapokuwa na miaka 70, yeye atakuwa na miaka arobaini na kitu, na karo, na kodi ya nyumba, na pengine hana kazi. Kumbuka pia kwamba msaada wa serikali kwa wazee, Inua Jamii, huanza mtu akifika miaka 70, nao ni Sh2,000 kwa mwezi.

Kwa anayelipwa kwa siku

Mwaka 2011 RBA na ushirika wa jua kali walianzisha mpango ulioitwa Mbao, jina la mtaani la shilingi ishirini, kwa sababu ndicho kilikuwa kiasi cha kuweka kwa siku, tena kwa simu. NSSF nayo ina Haba Haba kwa waliojiajiri, kuanzia Sh25 kwa siku, na baada ya kuchanga miaka mitano mtu anaweza kutoa hadi nusu. Wapo wanaocheka viwango hivi. Sh20 kwa siku, ni Sh600 kwa mwezi, na kwa asilimia zetu nane za mfano hufika karibu Sh845,000 baada ya miaka thelathini, kutoka kwa Sh216,000 ulizoweka. Ugumu haumo kwenye hesabu. Umo kwenye kuendelea: hakuna ofisi ya kukukata kabla hujaiona pesa, na siku za mvua bodaboda hazipati abiria.

Walioweza kudumu, kwa nilivyoona, waliifunga akiba kwenye jambo ambalo tayari wanalifanya. Mwendesha bodaboda mmoja hutuma mchango kila anapojaza mafuta mara ya kwanza asubuhi. Msusi mmoja hutoa sehemu ya kichwa cha kwanza cha Jumamosi. Wakulima wa majani chai na kahawa wanaweza kuweka fungu la bonasi mara moja kwa mwaka badala ya kuhangaika kila mwezi. Mpango wa kibinafsi unakubali hivyo. Na unapotuma, tuma kwenye nambari ya malipo ya mpango wenyewe. Usitume kwenye simu ya wakala, hata awe mtoto wa dada yako.

Mwanzoni mwa kila mwaka, mpango unapaswa kukupa taarifa inayoonyesha ulichoweka, kilichoongezeka na kilichokatwa. Ilinganishe na ujumbe wa simu wa malipo yako. Jina la mpango, la meneja na la msimamizi liangalie kwenye orodha ya waliosajiliwa inayotolewa na RBA. Ni kazi ya dakika tano.

Yule mama muuza samaki alikuwa na swali la pili, na alilishusha sauti kuliuliza: nikifa kabla ya kuzichukua? Kwa sheria yetu, akiba ya uzeeni si sehemu ya mirathi. Haingoji kesi ya mahakama wala mkutano wa ukoo. Wadhamini huwalipa wale uliowaandika kwenye fomu ya warithi, baada ya kuhakikisha wategemezi wako ni akina nani. Shida ni fomu yenyewe. Wapo walioijaza wakiwa na miaka 24, wakaandika jina la mama, kisha wakaoa, wakazaa, mama akafariki, na fomu ikabaki ilivyokuwa. Wapo waliohama kazi mara nne na hakuna aliye nyumbani anayejua kwamba akiba ipo, mpaka pesa zinapelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa. Mama yule aliandika majina ya binti zake wawili na mjukuu anayemlea, akaweka asilimia mbele ya kila jina. Kisha akamwita binti mkubwa, akamwonyesha droo ambayo nakala ya fomu ile ingekaa.